Niliipitisha Ghorofa ya Kaka Yangu

Kuna msomaji aliyeniandikia wiki hii akiniuliza jambo moja tu: "Dada, wewe ni wa kuhurumiwa au wa kufungwa?" Swali hilo nimelibeba kila nilikokwenda. Jibu sina. Leo nitakueleza yaliyofuata, halafu ujibu wewe, maana mimi nikijijibu mwenyewe najipendelea.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, usihangaike. Habari yangu inaeleweka upesi kuliko inavyosameheka.

Kazi yangu ni kukagua ramani za nyumba. Mtu akitaka kujenga au kuongeza chumba katika mtaa wetu wa kale, michoro yake lazima ipite mezani kwangu ndipo ifike kwenye kamati ya majengo. Mtaa wenyewe ni wa nyumba fupi za mawe zilizoegemeana kuta, na vichochoro ambavyo watu wawili wenye afya wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Sheria yake inajulikana na kila mkazi: paa lako lisipite la jirani, na ukuta wako usizibe mwanga wa mwenzio.

Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa sheria hiyo. Mtaani waliniita Bi Rula. Mwenye bekari aliomba chumba kimoja tu cha juu, mkewe mwenye pumu apate kulala mbali na moshi wa tanuri. Nilimkatalia. Nilimwambia sheria haina shemeji, nikaenda kula chakula changu cha mchana na kikashuka vizuri.

Kisha kaka yangu akarudi kutoka ughaibuni na michoro ya nyumba ya ghorofa tatu.

Kaka na mimi ni tumbo moja, baba mbalimbali. Majina yetu ya ukoo hayafanani, na pale ofisini hapakuwa na mtu aliyejua. Alikuwa amenunua nyumba ileile ambayo mama yetu alipanga chumba cha uani tulipokuwa wadogo; nyumba ambayo mmiliki wake alitutolea vyombo nje mchana kweupe, watu wamesimama wanatazama. Akaniambia, "Mdogo wangu, nataka mtaa huu wote uinue shingo ukitaka kuona paa langu."

Nilitakiwa kusema huyu ni ndugu yangu, nijitoe, ombi lake likaguliwe na mwingine. Sikujitoa. Niliiandikia kamati kwamba nyumba ile haitamdhuru jirani yeyote. Kamati ikaamini, kwa sababu aliyeandika ni Bi Rula. Mkuki ulikuwa kwa nguruwe.

Tuliachana nikiwa nimeshika muhuri. Sasa nikueleze muhuri ule ulimwangukia nani.

* * *

Ghorofa ya tatu ilikuwa inaanza kunyanyuka nilipoingia bekari asubuhi moja kununua mkate. Foleni ilikuwa ndefu. Mwenye bekari alinihudumia kwa adabu yake ya siku zote, akaufunga mkate, akanirudishia chenji.

"Bi Rula," akasema, "nasikia siku hizi kwenda juu kunaruhusiwa. Nilete tena lile ombi langu?"

"Sheria haijabadilika," nikamjibu.

"Aa. Basi yatakuwa macho yangu. Nikisimama mlangoni pangu naona ghorofa."

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Na mimi nikacheka nao, maana kutokucheka kungekuwa kukiri. Nyuma ya pazia mkewe akaanza kukohoa, kikohozi kile kirefu cha mtu anayetafuta hewa pahali isipokuwepo. Mwenye bekari aliacha kutabasamu, akaingia ndani bila kuniaga.

Mkate ule sikuula. Niliuweka juu ya kabati la jikoni mpaka ukaota ukungu.

* * *

Jioni hiyohiyo Mama Cherehani alikuja kwangu.

Lazima nikwambie huyu ni nani. Siku tuliyotolewa vyombo, watu wote walitazama. Yeye aliacha cherehani yake, akatoka, akaanza kuokota. Sufuria, godoro, viatu vyetu. Akavipeleka kwake, nyumba ya pili, ukuta mmoja na ile tuliyofukuzwa. Tulilala chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, kaka na mimi, tukifunikwa na vipande vya nguo za watu. Mama yetu alifia mikononi mwake. Majirani wengine wa zamani walikwisha kufa au kuhama, na waliokuja baadaye hawakutujua. Katika mtaa ule, aliyejua kwamba kaka na mimi ni ndugu alikuwa yeye peke yake.

Hatukumwita jirani. Tulimwita Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee kiti karibu na taa, siku hizi nimekuwa kama nondo, naifuata taa."

Nikamwekea. Nikaenda kuchemsha chai, na kule jikoni nikachelewa makusudi. Niliporudi alikuwa amekunja mikono mapajani, akiitazama mikono yenyewe.

"Dirisha langu la uani unalikumbuka," akasema.

"Nalikumbuka."

"Nimeshona pale ujana wangu wote. Asubuhi jua linaingia, linanikuta kwenye cherehani, tunafanya kazi pamoja. Sasa haliji. Naamka ni giza, nakula ni giza. Uzi natunga kwa kupapasa. Juzi nimemshonea mtu mkono wa kushoto kulia." Akacheka kidogo. "Amevaa hivyohivyo, maskini. Kaniambia ndiyo mitindo."

Nikacheka.

"Na ukuta wa chumbani umepasuka. Tangu walipochimba msingi ule wa zege. Si ufa mkubwa sana. Mkono wangu unaingia."

"Umemwambia kaka?"

"Nimemwambia. Mtoto mzuri yule. Akaniambia, Mama, nitakujengea ukuta mpya, mzuri kuliko huo. Nikamuuliza, na jua je, utanijengea? Tangu hapo simu yangu hapokei."

Nikamimina chai.

"Yeye simlaumu," akaendelea. "Na sitaki kumshitaki, nimemlea kwa mikono hii. Mtoto kulilia wembe si ajabu. Mimi namtaka aliyempa."

Nikabaki nimeshika birika.

"Wewe unafanya kazi hukohuko kwenye vibali," akasema. "Lazima kuna mtu alikaa, akaitazama ile michoro, akaona nyumba yangu hapo pembeni, akasema hewala, mjengee juu ya kichwa bibi huyu. Nataka aitwe. Sitaki afungwe, sitaki afukuzwe. Nataka aje akae kwangu asubuhi moja tu, ajaribu kutunga uzi. Nisaidie kuandika, mwanangu. Mimi mambo ya ofisi siyajui."

Alijua nakagua ramani, ila alidhani tuko wengi, na mimi hakuniwazia kabisa. Msomaji, hapo ndipo pa kusema. Wewe ungesema. Alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, na neno lenyewe lilikuwa fupi: mimi.

Nilichukua kalamu.

Nilijidanganya hivi: malalamiko yakifika kamatini, ujenzi utasimamishwa, ghorofa ya juu itaondolewa, jua litarudi, na hakuna atakayehitaji kumjua aliyempa mtoto wembe. Nikaandika vizuri sana. Ni kazi yangu, najua maneno yanayoisumbua kamati. Niliandika mwanga, nikaandika ufa, nikaandika umri wa nyumba. Nikamsomea. Akaniambia nirudie pale pa dirisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia saini yake polepole, uso umekaribia kugusa karatasi.

"Mungu akuweke," akasema. "Bila wewe ningeanzia wapi?"

* * *

Kesho yake nilipitia kwenye ujenzi kabla ya kwenda kazini. Kaka alikuwa juu na mafundi, kofia ngumu kichwani, vumbi la saruji hadi kwenye kope. Aliponiona akashuka mbio anatabasamu, kama mtu anayetaka kunionyesha mtoto mchanga.

"Njoo uone sebule. Wifi yako amechagua madirisha, utapenda."

"Kaka, simamisha."

"Nisimamishe nini?"

"Ukuta wa Mama umepasuka. Dirisha lake limekuwa giza. Toa hii ya juu, ubaki na ya pili, nami nitajua la kuwaambia ofisini."

Tabasamu likaondoka. Akavua kofia.

"Ulipitisha mwenyewe."

"Najua."

"Uliniambia hakuna tatizo. Mimi si mtaalamu, nilikuuliza wewe. Ungeniambia jenga moja, ningejenga moja."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Kaka yangu hakunihonga wala hakunibembeleza. Aliniuliza, nami nikataka kumfurahisha.

"Sasa nakwambia," nikasema.

"Sasa nimeshamwaga zege. Wifi yako na watoto wameshafunga mizigo." Akauangalia ukuta wake mpya, kisha akapunguza sauti. "Hukumbuki vyombo vyetu pale njiani?"

"Nakumbuka. Namkumbuka na aliyeviokota."

Akageuza uso. Juu fundi mmoja aliita kuuliza nondo ziwekwe wapi. Kaka akasema, "Nenda kazini, mdogo wangu, utachelewa," akapanda ngazi, na sikuona kama alikuwa amekasirika au analia.

* * *

Malalamiko yalifika, na yalifanya kazi niliyoyatuma, ila kwa mtu mwingine.

Utaratibu wetu ni huu. Mimi nakagua michoro. Mkaguzi wa eneo anakwenda mpaka kwenye kiwanja, anaingia kwa majirani, anatazama kuta na madirisha, ndipo anatia saini. Mkaguzi wetu wa eneo ni Mama Pacha, na jina lake amelipata kwa jasho: ana wasichana wawili waliozaliwa pamoja na wanaugua pamoja. Wiki ile ya ombi la kaka walikuwa na homa wote. Mama Pacha alikuwa anasinzia mezani. Nikamwambia, "Usijisumbue, pale nimepita mwenyewe. Weka saini tu."

Akaweka. Akanishukuru. Akaniletea ndizi siku iliyofuata.

Sasa mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, alimwita Mama Pacha ofisini kwake, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Wanasema sikwenda kwenye kiwanja," akasema.

"Hukwenda."

"Najua sikwenda. Wewe uliniambia umepita. Ulipita?"

"Nilipita."

Na ndiyo, nilikuwa nimepita. Kwa miguu yangu, barabarani, naelekea sokoni, bila hata kugeuza shingo.

Bega lake likashuka kwa faraja. "Basi ndiyo hivyo. Utasema kwenye kikao kwamba ulipita, na mimi nitasema nilikuamini. Hawawezi kunifukuza kwa kumwamini mtu kama wewe."

Nikamwambia nitasema. Akanishika mkono. Wenzetu wakawa wanatuangalia, na nadhani waliona urafiki.

* * *

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa halmashauri, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kulalamika. Wakazi walijaa mpaka mlangoni. Mwenye bekari alikuwa mstari wa nyuma, mikono imefungwa kifuani.

Mama Cherehani alikaa mbele, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, mshono wa begani umekwenda upande. Kaka yangu alikaa ng'ambo ya pili na wakili aliyevaa koti jeusi. Mimi nilikuwa benchi la wafanyakazi, ubavu kwa ubavu na Mama Pacha. Tuliokuwa na la kusema tuliapishwa mmoja mmoja.

Mwenyekiti akasoma malalamiko. Alisoma vizuri, na niliyasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake yakiwa yamenyooka na ya haki kuliko mimi niliyeyaandika. Watu wakanong'ona kwa huruma. Kisha akachukua jalada la kibali.

"Michoro hii ilikaguliwa na kupendekezwa na," akasema, akasogeza miwani, akataja jina langu lote, la kwangu na la baba.

Mama Cherehani aligeuza kichwa taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma na hajui ni nani. Macho yake mabovu yalizunguka benchi letu mpaka yakanipata. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, aliniangalia tu. Nikaangalia sakafu. Sakafu ya ukumbi ule ina marumaru za kijivu, na moja imevunjika pembeni.

"Mkaguzi wa eneo," mwenyekiti akaita. "Ulikwenda kwenye kiwanja?"

Mama Pacha akasimama. "Sikwenda, mwenyekiti. Mwenzangu aliniambia amekwenda."

"Ni kweli?" Mwenyekiti akanigeukia mimi.

Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, mjumbe mmoja wa kamati akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, samahani. Kuna maneno ya mafundi yanazunguka kwamba mwenye nyumba na mkaguzi wa michoro ni ndugu. Kabla hatujaendelea, tulimalize hilo."

Feni ikaendelea peke yake.

"Keti kwanza," mwenyekiti akaniambia, akamgeukia kaka. "Bwana, huyu dada unamfahamu?"

Kaka akasimama. Mtu huyu amenibeba mgongoni nikiwa na surua. Alikuwa ananiachia nyama kwenye sahani yake na kusema haipendi.

"Namfahamu kama mfanyakazi wa ofisi hii," akasema. "Zaidi ya hapo hatuna uhusiano wowote."

Akakaa. Sauti yake haikutetemeka. Nilijua ananiokoa, na sijawahi kuumizwa na mtu yeyote kama alivyoniumiza kwa kuniokoa.

Mwenyekiti akaandika. Kisha akamgeukia Mama Cherehani, kwa upole, kama anavyozungumza mtu mwenye mama yake nyumbani.

"Mama, wewe ndiye mkazi wa zamani kuliko wote hapa. Watazame hawa wawili. Ni ndugu?"

Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi macho yangu mabovu, baba. Siku hizi hata sindano siioni."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu, lakini hakuacha. "Hata hivyo, Mama. Unawajua?"

"Yule mwanamume ni jirani yangu," akasema. "Huyu binti alinisaidia kuandika. Undugu wao mimi siujui."

Aliyasema haya akiwa ameshajua kwamba ni mimi. Alijua nani alimpa mtoto wembe, alijua nilikaa mbele yake na birika mkononi nikamwacha aniombee heri. Na akaapa uongo kwa ajili yangu, yeye ambaye nadhani hajawahi kumdanganya hata mteja kuhusu siku ya kuchukua nguo.

Mwenyekiti alionekana kupumua. "Vizuri. Basi kosa linabaki pale lilipo. Mkaguzi wa michoro anatazama karatasi. Kuingia kwa jirani ilikuwa kazi ya mkaguzi wa eneo, na amekiri hakwenda." Akavua miwani. "Weka kitambulisho chako mezani, tafadhali. Utasubiri nyumbani barua yako ya kuachishwa."

Mama Pacha hakupiga kelele. Akainua mikono kuvua kamba ya kitambulisho shingoni, ikanasa kwenye nywele. Akavuta. Ikakataa. Akawa amesimama mbele ya ukumbi mzima, mikono juu, anahangaika na kamba, na hakuna aliyemsaidia. Kisha akanigeukia. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa ananisubiri niseme lile nililomwahidi.

"Mwenyekiti," nikasema.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba benchi lilikuwa nyuma yangu.

"Yule ni kaka yangu. Tumbo moja. Mwenzangu huyu hana kosa. Nilimwambia nimepita pale, na sikuwahi kuingia kwa jirani yeyote. Nilijua ghorofa ile itaziba dirisha. Nilijua tangu nilipofungua mchoro, kwa sababu dirisha lenyewe nalijua, nimelelewa chini yake."

Ukumbi ulivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Nyuma nilimsikia mwenye bekari akisema, wala si kwa sauti kubwa, "Sheria haina shemeji." Mama Pacha alishusha mikono, kamba bado imenasa, akanitazama namna ambayo nitaendelea kuiona nikiwa mzee.

Lakini nikwambie ukweli, nilihisi wepesi. Nilidhani nimemaliza. Nilidhani ukishasema kweli, kilichobaki ni kupokea adhabu, na adhabu yangu nilikuwa tayari kuipokea. Haikunipitia akilini kwamba kweli yangu ilikuwa na mtu mwingine wa kumpitia kwanza.

Wakili wa kaka akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mwenyekiti, namshukuru dada kwa uwazi wake. Ila kamati imejionea. Mlalamikaji ameulizwa chini ya kiapo kama hawa ni ndugu, akasema hajui. Na binti amesema hapa mbele yetu kwamba amelelewa nyumbani kwa mlalamikaji." Akageuka kidogo ili wote wamsikie. "Malalamiko yameandikwa na mkaguzi aliyepitisha michoro, yameletwa na mtu aliyeidanganya kamati. Naomba yafutwe, na mteja wangu aendelee na ujenzi wake."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Cherehani, na upole wote ulikuwa umemtoka.

"Mama. Ulijua kwamba ni ndugu?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulitudanganya?"

Mama Cherehani alisimama kwa kushika kiti kilicho mbele yake. Hakunitazama mimi, hakumtazama kaka.

"Mimi nilikuja kwa habari ya dirisha, baba," akasema. "Wewe ukaniuliza habari ya wanangu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Mwenyekiti akafungua kitabu cha taratibu, akapitisha kidole kwenye ukurasa, akakifunga. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma asichokipenda: mlalamikaji akisema uongo chini ya kiapo, shauri lake huanguka, na kibali husimama kama kilivyo. "Labda mwenye nyumba mwenyewe akirudishe, au awe na la kusema," akaongeza, na ilisikika kama ombi.

Nilitaka kupiga kelele kwamba kosa ni langu, nimelisema, nichukueni mimi. Nilifungua mdomo, mwenyekiti akaninyooshea kiganja. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimenyamaza wakati wa kusema na nimesema wakati wa kunyamaza, na aliyelipia mara zote mbili ni bibi mmoja aliyesimama kwa kushika kiti cha plastiki.

Watu wote wakamgeukia kaka.

Wakili alikuwa anapanga karatasi zake kwenye mkoba, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeshinda mapema akawahi chakula. Alimwinamia kaka sikioni akamnong'oneza kitu. Nadhani alimwambia asiseme lolote, waende zao.

Kaka yangu akasimama.

"Mwenyekiti," akasema, "na mimi niliapa, na mimi nikadanganya."

Wakili akamshika mkono wa shati kumvuta chini. Kaka hakukaa.